Mpwangu anataka kurusha ndege nyumbani: kompyuta tununue au tujenge?

Hali ni hii. Mpwangu, binti wa dadangu, amemaliza sekondari na kichwani kwake hamna kitu kingine ila urubani. Shule za urubani nyingi ziko Nairobi pale Wilson, ada zake si za mchezo, na mpaka babake akusanye pesa kuna muda wa kungoja, sasa huyu mtoto hataki kungoja mikono mitupu, anataka kompyuta ya simuleta, programu ya kuigiza urushaji wa ndege, aanze kuzoea vyombo, redio, mzunguko wa uwanja na utaratibu wa kutua. Shemeji yuko Doha kikazi, akasema ana shilingi laki moja na arobaini elfu za jambo hilo, zote pamoja, hamna nyongeza. Nyumba yao iko Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, upepo wa bahari unaingia dirishani kutwa. Mimi ndiye nnayeshughulika na kompyuta kwenye ukoo kwa hivyo nikapigiwa simu.

Nilipofika kila mtu alikuwa na lake. Shemeji kwa simu anataka kununua laptop ya gemu huko huko Doha aje nayo likizo. Fundi mmoja wa mjini ameshamwambia dadangu kuna tawa, kompyuta ya mezani, iko tayari, "i7, RAM 32, grafiksi 4GB", yaani prosesa, kumbukumbu na kadi ya picha, elfu themanini na tano, chukua leo. Jirani akasema nunueni Xbox Series S tu yaishe. Na mwenyewe mwenye haja, "Mjomba mi nataka tujenge, nishatizama video zote, najua kila kitu kinaingia wapi." Dadangu yeye alikuwa na swali moja tu na kwangu ndilo la maana kuliko yote: ikiharibika nani ataitengeza?

Nikawaambia tuache bei kwanza. Simuleta gani, ndege gani, na ya kazi gani, kwa sababu majibu ya hayo matatu yanabadilisha mashine kabisa. Anayetaka kurusha Boeing 737 yenye kila swichi inayofanya kazi, anatua Heathrow na trafiki imejaa, huyo ana mzigo mwingine. Huyu wetu anataka Cessna 172, ndege ambayo shule nyingi duniani zinafundishia, aruke kutoka Moi International hadi Ukunda, arudi, aende Malindi, kisha azoee Wilson. Na Wilson ina somo lake, kwa sababu uwanja wa Mombasa uko kama futi 200 tu juu ya bahari na Wilson iko zaidi ya futi 5,500, hewa ni nyepesi, injini inapoteza nguvu na mbio za kupaa zinarefuka, jambo ambalo simuleta nzuri inalionyesha vizuri sana bila mtu kuchoma mafuta ya kweli. Saa za nyumbani haziingii kwenye logibuku, daftari la saa za rubani, hilo lieleweke, ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inataka angalau saa 40 za angani kwa leseni ya kwanza ya kibinafsi na kompyuta ya sebuleni haipunguzi hata moja. Faida yake ni kwamba ukifika kwenye ndege ya kweli unayolipia kwa saa, mkono na jicho vishajua vinatafuta nini.

Simuleta zenyewe kubwa ni mbili. Microsoft Flight Simulator, ile ya 2020 na ile ya 2024, na X-Plane 12 iliyotoka 2022. Ya Microsoft ndiyo nzuri kwa macho, inavuta picha za satelaiti za dunia nzima kupitia intaneti unaporuka, kwa hivyo ukipita juu ya Likoni unaiona Likoni. Ya 2024 wenyewe wanapendekeza RAM 32GB, grafiksi ya daraja la RTX 2080, na intaneti ya 50 Mbps, na cha chini kabisa ni RAM 16GB na 10 Mbps. X-Plane ramani yake inakaa kwenye diski, intaneti ikikatika unaendelea kuruka, na tabia ya ndege hewani wengi wanaisifu. Ina demo ya bure. Iko pia FlightGear ambayo ni bure kabisa toka mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia mpwangu aanze na FlightGear kwenye laptop ya zamani ya mamake, kama hamu itabaki baada ya kuona ugumu wa kushika mwelekeo na mwinuko kwa wakati mmoja, basi hizo pesa hazitapotea. Hamu ilibaki, na ikazidi.

Sasa nije kwenye kiini cha mambo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapotupa pesa. Simuleta ya ndege si kama gemu la risasi au mpira, kule kazi kubwa anabeba GPU, ile kadi ya picha, lakini huku hesabu za bawa, injini, upepo, mawingu, ndege nyingine na vyombo vya rubani nyingi zinapita kwenye uzi mmoja mkuu, yaani foleni moja ya kazi, ya prosesa ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, hata kama prosesa ina koa 12, yaani vichwa 12 vya hesabu, hizo nyingine zinasaidia pembeni tu. Fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde maana yake prosesa ina milisekunde 33 kumaliza kila kitu cha fremu moja, ikichelewa picha inakwama, na kukwama kwenyewe kunakuja pale pabaya, unakaribia kugusa ardhi. Kwa hivyo namba ya kutafuta ni kasi ya koa moja moja na ukubwa wa keshi, kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa. Ndio maana prosesa za Ryzen zenye X3D, kama 5800X3D ya 2022 yenye keshi ya L3 ya 96MB, watu wa simuleta wanazipenda hivyo. Ile ya Microsoft ukiwasha Developer Mode kuna kaunta inakuandikia kabisa kama kinachokuzuia ni MainThread, ule uzi mkuu, au GPU, hamna haja ya kubahatisha.

Ukishika hilo, ile tawa ya fundi inajijibu yenyewe. Nilienda kuiona. "i7" yake ni 4790, prosesa ya 2014, koa nne, RAM ya DDR3, na grafiksi ni GTX 1650 ya 4GB. Neno i7 halina maana bila namba zinazofuata, i3-12100 ya 2022 inaipita hiyo i7 bila shida na ni i3. Halafu pawa saplai haina jina, stika imeandikwa wati nyingi lakini ukiinyanyua ni nyepesi kama boksi tupu. Na madabodi, ile bodi kuu, ya zama zile haikupeleki popote, ukitaka prosesa bora lazima ubadilishe bodi, ukibadilisha bodi RAM nayo haiingii, mwisho umenunua kompyuta nyingine. Windows 11 pia haiikubali rasmi kwa sababu Intel za kizazi cha saba kwenda chini karibu zote zimeachwa nje, na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 2025. Elfu themanini na tano kwa hiyo, hapana.

Za ex-UK, mtumba wa Uingereza, je? Hizi tuziangalie kwa heshima maana zimesomesha watoto wengi hapa mjini. Zile ndogo za ofisini, HP EliteDesk na Dell OptiPlex za kasha jembamba, kwa kazi za ofisi ni nzuri mno, kwa simuleta hapana, kadi ya urefu kamili haiingii, pawa saplai ni ndogo na plagi zake ni za kampuni yenyewe, huwezi kuchomoa ukaweka ya kawaida hivi hivi. Zile kubwa kama HP Z440 ndizo zinazovutia, zina pawa saplai ya wati 700 na chuma chake ni kizito, unaweka GPU unaondoka. Shida ni prosesa za Xeon zilizomo, koa nyingi lakini kila moja ya mwendo wa zamani, tunarudi kwenye ule uzi mmoja. Kama mtu ana elfu sabini tu na anataka X-Plane na Cessna, ningemwambia achukue Z440 na asione haya. Ila kwa laki moja na arobaini unaweza kufanya bora.

Laptop ya shemeji ndiyo iliyonipa kazi kukataa, maana ni mtu anatoa pesa zake na ana nia safi. Nikamweleza hivi: shemeji, majina ya kadi kwenye laptop si sawa na ya mezani. RTX 3060 ya mezani ina kumbukumbu ya 12GB, ya laptop ina 6GB, jina lile lile. Halafu kadi hiyo hiyo ya laptop kampuni moja inaipa wati nyingi, nyingine inaibana, na kwenye boksi huoni. Ongeza joto la Mombasa, Februari na Machi nyuzi 32 na unyevu juu yake, laptop inayofanya kazi saa tatu mfululizo kwenye chumba kisicho na AC itajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Na ikifa GPU imefia ndani ya bodi, waranti iko Qatar, nani ataibeba? Alinyamaza kidogo akasema, "Basi nyinyi mko hapo, mnajua." Nilishukuru sana.

Xbox nilimjibu jirani kwa ufupi, ni rahisi kuliko zote na ndege zinaruka, lakini utabaki na kile kinachouzwa kwenye duka lake, X-Plane huipati, na binti huyu ataitaka kompyuta kwa kusomea pia.

Ikabaki kujenga. Na hapa nataka niseme wazi, kujenga Mombasa si sawa na kujenga Nairobi. Maduka yetu mengi yanauza laptop, printa na mashine za ofisi, ukiulizia madabodi ya aina fulani unaambiwa inatoka Nairobi kesho kutwa. Zikija kwa basi na bodi ikawa mbovu, unairudisha kwa nauli yako, wanaipima, wanasema RAM ndiyo mbovu, RAM uliinunua kwengine, huyu anamtupia yule. Hilo ndilo swali la dadangu la nani ataitengeza, na ndilo lililoamua namna ya kujenga. Tukaamua hivi: prosesa, bodi, RAM, SSD (diski ya haraka) na pawa saplai zote kutoka duka moja la Nairobi, waziunganishe na kuzijaribu wao, risiti moja, waranti moja. Kasha tununue hapa. Na GPU tutafute hapa hapa ya mtumba, ambayo tunaiona ikifanya kazi kabla ya kutoa shilingi.

Orodha ikawa Ryzen 5 5600, bodi ya B550, RAM 32GB ya DDR4, SSD ya NVMe ya 1TB, pawa saplai ya wati 650 yenye cheti cha 80 Plus Bronze cha kutopoteza umeme, na RTX 3060 ya 12GB. Duka likajaribu kutuwekea 5600G badala ya 5600, "ni ile ile tu na hii ina grafiksi ndani." Si ile ile. 5600 ina keshi ya L3 ya 32MB na 5600G ina 16MB, nusu, na kwa simuleta hiyo nusu unaiona. RAM nayo wakataka kutia kijiti kimoja cha 32, nikasema hapana, viwili vya 16 ili zifanye kazi kwa njia mbili, na wawashe XMP, mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili, kwenye BIOS, programu ya ndani ya bodi, kabla ya kufunga, maana bila hivyo RAM ya 3200 inakwenda polepole na mwenye mashine hajui. Mambo kama haya ndiyo yanayofanya mtu aseme nilijenga na haikusaidia kitu.

B550 tuliichagua kwa sababu ya mbele. Ni soketi, yaani makao ya prosesa, ya AM4, siku pesa zikipatikana anaweza kutoa 5600 na kuweka 5700X3D au 5800X3D kwenye bodi hiyo hiyo, RAM hiyo hiyo, baada ya kusasisha BIOS tu. Najua kuna AM5 na DDR5 ambayo ndiyo mpya na ina maisha marefu, na kama bajeti ingekuwa laki mbili ningeenda huko bila kufikiria, lakini kwa pesa hizi kupanda AM5 kungetulazimisha kupunguza GPU au RAM, na mtoto anaihitaji hivi sasa.

GPU ilikuwa ya kijana wa Bamburi aliyekuwa anahama. Hapa tahadhari, kuna kadi za bandia sokoni, kadi ya zamani iliyobadilishwa programu ya ndani ijitambulishe kama mpya zaidi, Windows inadanganyika kabisa. Programu ya bure ya GPU-Z nyingi ya hizo inazikamata na kuziandika FAKE. Tukaiendesha, tukaipa mzigo kama nusu saa, tukatizama joto, tukasikiliza feni, tukachungulia kutu kwenye skrubu na bandari za HDMI, kwa sababu kadi iliyokaa karibu na bahari dalili zake zinaanzia hapo. Ilikuwa safi.

Vile vipande vilivyounganishwa na duka vilipakiwa basi kutoka Nairobi bila GPU, na kama ingekuwemo ningesema ichomolewe isafiri peke yake kwenye boksi lake, kadi nzito ikirukaruka njia nzima ya Nairobi-Mombasa inaweza kuvunja sloti ya bodi. Mpwangu mwenyewe ndiye aliyetia kila kitu kwenye kasha tulilonunua hapa na kuchomeka kadi, mimi nimekaa pembeni namtizama, hivyo ile raha ya kujenga hakuikosa.

Vidhibiti niliviweka kwenye bajeti kabla ya GPU, na hapo tulibishana kidogo. Kurusha Cessna kwa kibodi hakumfundishi mtu kitu. Nilitaka joistiki ya Thrustmaster T.16000M kwa sababu mhimili wake mkuu unasoma kwa sumaku, hamna kitu kinachosuguana, na kwa unyevu wetu huu zile za kusuguana zinaanza kurukaruka mapema. Kishikio chake kinazungushwa pia kufanya kazi ya usukani wa mkia, ule wa pedali za miguu, kwa hivyo pedali zinaweza kungoja. Monita hatukununua, TV ya sebuleni inatosha, ikiwekwa 1080p na ile mode ya gemu ili isichelewe.

Stima. Hili nalo watu wanalisahau kisha wanalia. Mashine hii ikiruka inakula kama wati 300, saa tatu ni karibu uniti moja ya tokeni, si tatizo. Tatizo ni stima inavyopotea na kurudi kwa kishindo, au inavyoshuka jioni taa zikafifia. Tulinunua UPS (betri ya dharura) ya 1200VA, zile za 650VA zinabana sana kwa mashine kama hii, na kazi yake si kuendelea kuruka ila kupata dakika chache za kufunga mashine kwa utulivu. Chumvi ya bahari tukapambana nayo kwa kuweka kasha mbali na dirisha, feni za mbele nyingi kuliko za nyuma ili hewa itoke kwenye mianya badala ya kuingia, vichujio vya vumbi vinavyotoka, na blowa kila mwezi. Chumba cha AC kina hatari yake pia, ukizima AC na kufungua dirisha hewa ya moto na unyevu inagusa chuma baridi inatoa jasho, kwa hivyo mashine izimwe, ikae kwanza.

Jumla, pamoja na joistiki na UPS, tukabaki na elfu nne na kitu katika zile laki moja na arobaini. Simuleta ya kwanza aliyonunua ni X-Plane 12, ya Microsoft atachukua baadaye akishapata intaneti ya kueleweka pale nyumbani. Kwa 1080p mpangilio wa kati mashine inashikilia fremu 30 bila kutetereka kwenye Cessna pwani yote hii, na akienda viwanja vikubwa vyenye majengo mengi inashuka, kaunta ya X-Plane nayo inaonyesha ni prosesa, kama tulivyotarajia. Sasa hivi anashughulika na kutua kwa upepo wa ubavu, kaskazi inampiga, na ameshaanza kuniulizia pedali. Shemeji ameambiwa.